Rehani, Dhamana na Mzigo: Historia ya Kuifungamanisha Faini na Mali ya Mkosaji

I. Swali lenyewe

Hakimu amtozapo mtu faini, akitoacho ni maneno tu. Fedha hazijaonekana bado. Kati ya hukumu na hazina ya dola pana njia ndefu, na katika njia hiyo mkosaji aweza kuificha mali yake, aweza kuhama, na aweza hata kufa. Kwa sababu hiyo kila dola iliyopata kutoza faini imelazimika kujiuliza: ni kitu gani kishikwe hadi maneno ya hakimu yageuke kuwa fedha?

Historia imetoa majibu matatu. La kwanza ni kuushika mwili wa mkosaji, yaani kumfunga mpaka alipe au mpaka kifungo kihesabiwe kuwa ndiyo malipo. La pili ni kukishika kitu chake, kama vile ng'ombe, vyombo au mavuno, na kukitia mnadani. La tatu haliushiki mwili wala haliiondoi mali, bali huitwika mali yenyewe lile deni. Mwenye shamba huendelea kulima na kulala humo. Lakini hawezi kuliuza likawa safi, kwani deni limekwisha kuandikwa juu yake, na yeyote alinunuaye alinunua pamoja na mzigo wake.

Makala haya yanakusudia kuifuata historia ya jibu hili la tatu, kutoka Uingereza ya karne ya 12 hadi Kenya na nchi nyingine za nyakati zetu. Hoja yetu ni mbili. Kwanza, njia hii, ambayo ni ya upole kuliko zote, imewafaa daima wale wenye haki ya ardhi inayotambuliwa na sheria. Asiyekuwa na haki hiyo amelipa kwa mwili wake au kwa mifugo ya jamaa zake. Pili, msamiati wa Kiswahili tunaoutumia hivi leo, kwa kuyaita mambo yote haya "rehani" au "dhamana", huificha tofauti hiyo kubwa, na hasara yake humwangukia yule asimamaye kizimbani.

II. Maneno na asili zake

Yafaa tuanze na maneno, kwa kuwa ndiyo kazi yetu. Neno "faini" limetoka Kiingereza, nalo lilikuja na mahakama za Waingereza. Kiarabu kina neno "gharama" kwa maana hiyo hiyo ya faini. Lakini neno hilo lilipopokewa na Waswahili lilipungukiwa makali, likawa na maana ya matumizi au bei ya jambo. Mtu wa Mombasa asemapo kwamba harusi ina gharama kubwa hafikirii mahakama hata kidogo. Basi lugha ilikuwa na neno mkononi, ikalitumia kwa kazi nyingine, ikaja kuazima jingine kwa kazi ile ile ya kwanza.

"Rehani" nayo ni ya Kiarabu. Katika fikihi ya madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yaliyoenea pwani yetu, rehani haiwi imara mpaka kitu kikabidhiwe kwa mwenye kudai. Mtu huiweka bangili yake kwa mkopeshaji, na mkopeshaji huishika. Hapana makabidhiano, hapana rehani kamili. Neno "poni", lililotoka Kiingereza, linasimama karibu na maana hii: kitu kimetoka mkononi mwa mwenyewe, kimekaa kabatini mwa mwingine. Tena tuangalie kitenzi kinachoandamana na maneno haya. Twasema mtu "ameweka" rehani, "ameweka" poni. Mtendaji ni mwenye mali, naye ametenda kwa hiari yake, hata ikiwa hiari hiyo imesukumwa na dhiki.

"Dhamana" ni jambo jingine. Asili yake ni ahadi ya mtu kwa ajili ya mtu. Mdhamini husema: huyu asipolipa, nidaini mimi. Katika Kiswahili cha mahakamani neno hili limepanuka mno. Mshtakiwa huachiliwa kwa dhamana, hati ya shamba hupelekwa mahakamani kuwa dhamana, na mkopo wa benki hutolewa kwa dhamana. Msikilizaji huachiwa kazi ya kukisia ikiwa kilichofungwa ni mtu, karatasi au ardhi.

Pwani palikuwa na njia nyingine iliyokaribia zaidi jambo tunalolizungumza, nayo ni bei kheri. Mwenye shamba aliliuza shamba lake kwa sharti kwamba ana hiari ya kulikomboa, na mara nyingi alibaki humo humo akilipa kodi kwa mnunuzi. Kwa jina ni mauzo. Kwa kweli ni mkopo uliodhaminiwa kwa ardhi bila mkopaji kuondoka. Unguja na Mombasa zilikuwa na mikataba mingi ya namna hiyo. Lakini bei kheri nayo ni mapatano baina ya watu wawili. Deni lililotwikwa juu ya ardhi na sheria yenyewe, bila ya mwenye ardhi kukubali, halikuwa na jina lake katika lugha, nasi tutaona kwamba halikupata jina hata leo.

III. Uingereza: hazina ya Mfalme na maksai wa kulimia

Katika Uingereza ya karne ya 12 faini zilikuwa sehemu kubwa ya mapato ya Mfalme. Richard FitzNigel, aliyekuwa mtunza hazina wa Henry II, aliandika kwa Kilatini kitabu juu ya kazi za hazina katika miaka ya 1170. Humo alieleza utaratibu wa kuuza mali ya mdaiwa wa Mfalme. Maofisa walitakiwa kuanza na vitu vinavyohamishika, na kuwaacha maksai wa kulimia hadi mwisho, ili mtu asinyimwe njia ya kujipatia riziki. Lakini deni lisipotoshelezwa, hata maksai wale hawakusalimika.

Kanuni hiyo ilipata nguvu zaidi katika Hati Kuu ya 1215, iitwayo Magna Carta. Sura ya 9 ilisema kwamba Mfalme na maofisa wake hawatakamata ardhi wala mapato yake kwa ajili ya deni, maadamu mdaiwa ana mali inayohamishika ya kutosha. Sura ya 20 iliamuru kwamba adhabu ya fedha ilingane na kosa, na kwamba mtu huru aachiwe msingi wa maisha yake, mfanyabiashara bidhaa zake, na mkulima asiye huru zana na nyenzo za kilimo chake. Msomaji ayaweke moyoni mambo haya mawili, ya kuanza na kinachohamishika na ya kumwachia mtu cha kuishi, kwani tutakutana nayo tena mbali sana na Uingereza.

Ijapokuwa hivyo, mkono wa Mfalme juu ya ardhi uliendelea kurefuka. Deni la Mfalme lililokwisha kuandikwa katika kumbukumbu za mahakama lilihesabiwa kuwa limeigusa ardhi ya mdaiwa. Sheria ya Henry VIII ya 1541–42 ilizipa hati za madeni ya Mfalme nguvu sawa na zile hati kali za wafanyabiashara wakubwa, na ikaruhusu ardhi ifuatwe hata mikononi mwa warithi. Palikuwa na amri ya mahakama ambayo kwayo mwili, ardhi na vitu vya mdaiwa wa Mfalme viliweza kukamatwa kwa pamoja. Hapo majibu yetu matatu yalikuwa yamefungwa katika hati moja.

Mwananchi wa kawaida aliyenunua shamba alikuwa katika hatari kubwa, kwa sababu deni la Mfalme halikuonekana kwa macho. Ndipo sheria ya 1839 ilipodai kwamba madeni ya namna hiyo yaandikishwe kabla ya kumbana mnunuzi. Hatua hii ni ya maana sana katika historia tunayoifuata. Mzigo usioandikwa ni mtego. Mzigo ulioandikwa katika daftari lililo wazi ni taarifa.

Pamoja na hayo palikuwa na jambo la kutisha zaidi, nalo ni utaifishaji wa mali ya mhalifu. Aliyehukumiwa kwa uhaini au kwa kosa kubwa alipoteza mali yake yote, na watoto wake wakaadhibiwa pamoja naye. Hati ya Haki ya 1689 ilikataza faini za kupita kiasi, na ikabatilisha ahadi za kugawa faini na mali za watu kabla hawajahukumiwa. Sheria ya 1870 ndiyo iliyoufuta kabisa utaifishaji wa mali kwa sababu ya uhaini na makosa makubwa. Tangu hapo msimamo wa Waingereza nyumbani kwao ulikuwa huu: mkosaji hudaiwa kiasi kilichotajwa, na mali yake hujibu kwa kiasi hicho tu. Mzigo una kipimo, utaifishaji hauna. Mwaka huo wa 1870 tutaurudia.

IV. Njia ya India

Sheria hizi hazikufika kwetu moja kwa moja. Zilipitia India. Kanuni ya Adhabu ya India ya 1860, ambayo msingi wake ni rasimu ya tume ya Macaulay ya 1837, ilikuwa na kifungu cha 70 juu ya faini. Kifungu hicho kilitoa muda wa miaka 6 wa kuidai faini, au muda mrefu zaidi ikiwa kifungo chenyewe kilikuwa kirefu zaidi, na kikasema kwamba kifo cha mkosaji hakiifungui mali ambayo kwa sheria ingejibu madeni yake. Hapa faini imekwisha kutengana na mwili. Mtu amezikwa, lakini adhabu yake i hai, imekaa juu ya mali aliyoiacha.

Hata hivyo namna ya kuikamata mali hiyo ilikuwa na mipaka. Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai ya India ya 1898 iliipa mahakama hati ya kukamata na kuuza mali inayohamishika. Ardhi iliingizwa wazi kwa marekebisho ya 1923, kwa kumpa mkuu wa wilaya uwezo wa kuidai faini kama deni la madai, juu ya mali inayohamishika na isiyohamishika. Miaka 2 kabla yake, mwaka 1921, vifungu vya Kanuni ya Adhabu vilivyoruhusu kutaifisha mali yote ya mhalifu vilikuwa vimefutwa. Yaani India nayo ilifuata mwendo ule ule: utaifishaji ukaondoka, deni lenye kipimo juu ya ardhi likaingia.

Kwa Amri ya Malkia katika Baraza ya 1897 sheria za India zilianza kutumika katika Himaya ya Afrika Mashariki. Zilidumu hadi 1930, wakati Kenya ilipopata Kanuni ya Adhabu na Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai zilizofuata mfano wa Wizara ya Makoloni. Kifungu cha 334 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai ya Kenya husema kwamba fedha zilizoamriwa na mahakama zaweza kudaiwa kwa kukamata na kuuza mali ya mtu inayohamishika na isiyohamishika. Lakini akionyesha mali inayohamishika ya kutosha, ardhi yake isiuzwe. Msomaji bila shaka ameitambua sauti hiyo. Ni sura ya 9 ya hati ya 1215, imevuka bahari na karne 7, imekuja kukaa katika daftari la sheria za Nairobi.

V. Wasiokuwa na hati

Lakini kifungu kiliposema "mali isiyohamishika", kilimkusudia nani? Sheria ya Ardhi za Mfalme ya 1915 iliziingiza ardhi walizokaa Waafrika katika ardhi za Mfalme. Mwaka 1921, katika kesi ya Isaka Wainaina na Murito, Mahakama Kuu ilitamka kwamba kwa sheria hiyo, na kwa kuifanya nchi kuwa koloni mwaka 1920, Waafrika walikuwa wapangaji tu wa Mfalme, waliokaa kwa ridhaa yake. Mpangaji wa namna hiyo hana ardhi ya kutwikwa deni. Huwezi kumwandikia mtu mzigo juu ya kitu ambacho mahakama imekwisha kusema si chake. Hivyo ulinzi ule wa kale, wa kumwacha mtu shambani mwake huku deni likingoja, haukumfikia.

Serikali ya kikoloni ikatafuta kitu kingine cha kushika, ikavipata viwili. Cha kwanza ni mifugo, na tena si ya mkosaji peke yake. Sheria ya Adhabu za Pamoja ya 1909 ilimruhusu mtawala kutoza faini kijiji au jamii nzima. Sheria ya Wizi wa Mifugo na Mazao ya 1913 ilileta faini iliyoweza kufika mara 10 ya thamani ya kilichoibwa, na mwizi asipoweza kulipa, jamaa zake walidaiwa. Kwa lugha yetu ya makala haya, ng'ombe wa jirani na wa ami walifanywa rehani ya kosa ambalo wenyewe hawakulitenda, wala hawakuwahi kuulizwa kama wanakubali.

Watetezi wa sheria hizo walidai kwamba walifuata mila. Dai hilo lataka kupimwa kwa uangalifu, kwa sababu lina ukweli nusu. Ni kweli kwamba katika jamii nyingi ukoo ulisimama dhamana kwa watu wake. Jomo Kenyatta, katika Facing Mount Kenya cha 1938, aeleza kwamba kwa Wagikuyu fidia ya mtu mume aliyeuawa ilikuwa mbuzi au kondoo 100, na ya mwanamke 30. Huko pwani, katika sheria ya Kiislamu, dia ya aliyeuawa bila kukusudia hubebwa na jamaa za upande wa baba wa muuaji. Lakini fidia hizo zilizungumzwa barazani, na mali ilikwenda kwa waliofiwa, ikaleta suluhu kati ya koo mbili. Faini ya 1909 na ya 1913 ilitoka juu, na iliyoipima si baraza la wazee bali ofisi. Mila ilichukuliwa mzigo wake, ikaachwa suluhu yake.

Kitu cha pili kilichoshikwa ni mwili. Makosa mengi ya kikoloni, kama yale ya kipande na ya kodi, yaliwaangukia watu wasio na fedha taslimu. Wingi wao gerezani ulikuwa mkubwa hata ikatungwa Sheria ya Kambi za Kizuizi ya 1925, ili wenye makosa madogo na wasiolipa wawekwe mbali na wahalifu wakubwa. Huko walifanya kazi. Yaani deni ambalo kwa mzungu mwenye hati ya shamba lingeweza kuandikwa juu ya ardhi, kwa Mwafrika liliandikwa juu ya mgongo.

Kisha ukaja mwaka 1953. Hali ya Hatari ilikuwa imetangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, na mwaka uliofuata serikali ikatunga Sheria ya Kutaifisha Ardhi, iliyowezesha kunyang'anywa haki za ardhi wale waliohesabiwa kuwa viongozi au wapiganaji wa Mau Mau. Ni miaka 83 tangu Bunge la London lifute utaifishaji wa namna hiyo kwa watu wake. Kwa miongo mingi mahakama ilisema Mwafrika hana ardhi inayoweza kubeba deni. Lakini ilipotakiwa kumwadhibu, haki yake juu ya ardhi ilionekana mara moja, ikaonekana ili iondolewe. Katika historia yote ya somo letu hatujui mfano ulio wazi zaidi wa sheria kuwa na macho mawili.

VI. Baada ya hati

Mpango wa Swynnerton wa 1954 ulianzisha kazi kubwa ya kugawa na kuandikisha mashamba ya watu binafsi. Ikafuata sheria ya uandikishaji ya 1959, na kisha Sheria ya Ardhi Iliyoandikishwa ya 1963. Sheria hii ya 1963 ilileta wazo lililo jipya kwa wengi. Ilisema kwamba mwenye ardhi anapoiwekea deni, ardhi haihamii kwa mkopeshaji. Hubaki yake, na deni husimama juu yake kama ulinzi tu. Neno la Kiingereza lililotumiwa lina asili ya Kilatini, nalo kwa asili lilimaanisha kupakia mzigo juu ya gari. Sheria za ardhi za 2012 zimelishika wazo hilo hilo.

Hapo Mkenya mwenye hati aliingia, kwa mara ya kwanza, katika kundi la watu ambao ardhi yao yaweza kulijibu deni la mahakama badala ya mwili wao. Tusifanye haraka kulisifu jambo hili. Kwanza, njia ya mwili haijafungwa. Kifungu cha 28 cha Kanuni ya Adhabu kina jedwali la vifungo kwa asiyelipa faini, pale ambapo sheria nyingine haikutaja kipimo chake: siku 14 kwa faini isiyozidi shilingi 500, na kupanda hadi miezi 12 kwa faini iliyozidi shilingi 50,000. Asiye na shamba huishia katika jedwali hilo.

Pili, hati huandikwa jina la mtu mmoja, ilhali shamba hulisha watu wengi. Sheria ya Ardhi ya 2012 hudai kwamba mume au mke aafiki kabla nyumba ya ndoa haijawekewa deni la mkopo. Hiyo ni kwa mkopo wa hiari. Faini haina hiari. Mke hakuulizwa na mahakama wakati mumewe alipokosa. Kilichobaki ni kifungu cha 335 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, kimruhusucho mtu mwenye haki katika mali iliyokamatwa kuja mbele ya mahakama na kupinga. Lakini hapingi ila ajuaye, na hajui ila aliyeelezwa kwa lugha anayoielewa.

Nchi nyingine zimeendelea mbele zaidi. Marekani, kwa sheria ya 1984 juu ya utekelezaji wa faini za jinai, iliipa serikali kuu haki juu ya mali yote ya aliyetozwa faini, kana kwamba deni lake ni la kodi. Kwa marekebisho ya 1996 haki hiyo huanza siku hukumu inapoingizwa kitabuni, na huweza kudumu miaka 20 tangu hukumu hiyo au miaka 20 baada ya mtu kutoka gerezani, kwa kutazama ipi ni ndefu zaidi. Ili imbane mnunuzi wa baadaye, taarifa yake lazima iandikishwe. Na hapa twaiona tena hekima ya 1839. Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilikuwa imesema, katika kesi ya Bearden ya 1983, kwamba mtu asirudishwe kifungoni kwa sababu tu ya umaskini wake ulioshindwa kulipa. Mwaka 2019, katika kesi ya Timbs, mahakama hiyo ilizifunga pia serikali za majimbo kwa katazo la faini za kupita kiasi, na hukumu yake ilirudi nyuma hadi Magna Carta. Uingereza yenyewe iliruhusu mwaka 1986 amri za kuitwika deni mali ya wafanyabiashara wa dawa za kulevya; lakini Sheria ya Mapato ya Uhalifu ya 2002 iliziacha amri hizo, ikategemea amri za kuizuia mali na wasimamizi wateuliwa wa mahakama. Basi njia ya mzigo si lazima iwe mwisho wa safari. Ni chombo kimoja kati ya vingi, na kila nchi huchagua.

VII. Lugha ya kizimbani

Turudi sasa kwenye maneno. Tumepata mambo matatu yaliyo mbalimbali. Katika rehani, mwenye mali ameweka kwa hiari yake, na kwa asili mali imekabidhiwa. Katika dhamana, mtu ameahidi kwa ajili ya mtu. Katika jambo la tatu hapana hiari, hapana ahadi, hapana makabidhiano. Sheria imelitua deni juu ya mali, na mwenyewe amebaki nayo. Mkalimani amwambiapo mtu kwamba "shamba lako limewekwa rehani", msikilizaji aweza kuelewa mojawapo ya mambo mawili, na yote mawili ni makosa. Aweza kudhani kwamba anafukuzwa, akahama kabla hajatakiwa. Au aweza kudhani kwamba, kwa kuwa yeye hakuweka chochote, basi hakuna kilichofungwa, akaliuza shamba na kumtia mnunuzi hasarani.

Twapendekeza kwamba jambo hili lipewe jina la "mzigo wa deni", na kitenzi chake kiwe "kutwika". Mahakama imeitwika ardhi deni la faini, ardhi imetwikwa, mlipaji akimaliza, ardhi imetuliwa mzigo wake. Maneno haya hayahitaji kufundishwa kwa mtu yeyote aliyepata kuona kuni zikitwikwa kichwani. Yaonyesha kwamba aliyetwikwa hakujitwika, kwamba bado anatembea, na kwamba mzigo una kipimo na una mahali pa kutuliwa. Neno "rehani" libaki na kazi yake ya mapatano, na "dhamana" irudishwe kwa mdhamini.

Jambo hili si la kamusi peke yake. Katiba ya Kenya ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, na kifungu chake cha 50 kinadai kwamba mshtakiwa aelezwe mambo kwa lugha anayoielewa. Tanzania, kwa marekebisho ya sheria ya 2021, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama zake. Watakaotafsiri vifungu vya faini watahitaji neno, na wasipopewa lililopimwa watachukua lililo karibu. Historia tuliyoieleza yaonyesha kwamba kwa muda mrefu watu wa nchi hii walidaiwa kwa miili yao na kwa mifugo ya jamaa zao kwa sababu ardhi yao haikutambuliwa. Sasa ardhi inatambuliwa, nayo inaweza kubeba. Hapana budi mwenye kuilima aambiwe wazi ni nini kilichotwikwa juu yake, ni kiasi gani, na kitatuliwa lini. Tunawaachia wenzetu wa lugha na wa sheria walipime pendekezo hili, wakiwa na bora zaidi walilete.